Hiyo Breki Iko na Hewa

Nafula mama,

Mimi baba yako niko na miaka sabini na nne. Nimezika kaka zangu watatu, na katika sisi wote mimi ndiye nilikuwa wa kuugua. Nimezika daktari wa Kajiado aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitamaliza mwaka. Nimepita ule ukame wa ng'ombe kulala kando ya barabara kutoka Isinya mpaka Bisil kama magunia yameanguka kwa lori. Makampuni mawili yaliniandika kazi, yote yamefungwa, mimi sijafungwa. Meno yameenda, mimi niko. Hata hiyo pikipiki imebadilishwa injini mara mbili, na mimi bado natembea na ile ile ya kwanza.

Nakuandikia na kalamu ya mama yako, ile ya kuandika michango ya chama. Niliachia darasa la nne, unajua, kwa hivyo ukiona herufi imelala, iache ilale. Sasa ni saa tisa mchana. Wewe umeenda hapo stage ya matatu Kitengela kununua gambuti za matope na kuaga watu wako wa kwaya. Mama yako yuko jikoni ananyonyoa kuku ya kukuaga. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri unataka kutoka kwa hii geti na pikipiki yangu, uende Mashuuru kuanza kazi yako ya kutibu mifugo.

Hii barua nitaifunga kwa mkono wa breki na mpira wa tyubu, mahali huwezi kupita bila kuigusa. Usijaribu kuwasha. Haitawaka. Plagi nimeitoa, niko nayo. Soma kwanza.

Hiyo breki ya mbele iko na hewa. Mimi najua na wewe unajua. Asubuhi tulisimama hapo nje, watu wawili wazima, tukaambiana iko sawa.

Mambo ya sweta, na kuchemsha maji, na kutafuta kanisa, mama yako ameandika kwa karatasi yake, nimeona ziko kurasa nne. Mimi siongezi hapo. Mimi nataka kukuambia ng'ombe nyekundu ya mzee Lemayian ilikuwa nini.

Lakini kwanza lazima useme ukweli juu ya baba yako: kutoka Athi River mpaka Namanga, hakuna pikipiki ilinishinda. Kule shamba la maua Isinya, meneja alikuwa anapita mafundi wawili wa diploma, na makaratasi yao ukutani, anakuja mpaka nyuma ya stoo ananiambia, fundi, sikiliza hii. Nilikuwa nafunga macho nasikiliza tu. Nasema, ni valvu ya pili. Wanafungua, ni valvu ya pili. Hiyo sikusoma kwa mtu. Na wakati pikipiki zote hapa zilikuwa za breki ya kamba, yangu ilikuwa na breki ya mafuta mbele, na diski inang'aa kama sahani ya harusi. Nilinunua kwa mpima mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Watu walikuwa wanatoka Ngong kuja kuiangalia. Ni mzee kuliko wewe, hiyo pikipiki, na bado hakuna kijana wa boda anaipita mlimani.

Sasa breki ya mafuta iko hivi, na wewe unajua, lakini wacha niseme, mzee akianza hadithi huanza kwa mzizi. Ukifinya mkono wa breki, unasukuma mafuta kwa paipu, na mafuta yanasukuma pedi zishike diski. Mafuta hayabonyezeki. Ndiyo maana yanashika. Hewa inabonyezeka. Kahewa kadogo kama punje ya mtama kakiingia kwa hiyo paipu, unafinya, unafinya, unabonyeza hewa tu, na pikipiki inaenda. Na ubaya wake, hewa inajua kudanganya. Ukipampu mara nne tano hapa nyumbani imesimama, mkono unakuwa mgumu, unasema imepona. Ukifika barabarani, ukiwa hujapampu, ukiihitaji mara moja tu, haiko.

Kuitoa hiyo hewa ni kazi ya watu wawili. Vijana wa gereji wanaita kublidi. Mmoja anakaa juu, anapampu, halafu anafinya na kushika. Mwingine amechutama chini na spana namba nane, anafungua ile nati ndogo, mafuta na hewa yanatoka kwa mpira, anafunga. Akishafunga, ndipo wa juu anaachilia. Wa juu akiachilia kabla ya wa chini kufunga, breki inavuta hewa ndani tena, na mnakuwa mmefanya kazi ya kuweka hewa. Kwa hivyo wa chini lazima aamrishe. Shika. Anafungua. Anafunga. Achilia. Hakuna tafadhali hapo.

Hapo ndipo mimi nilikosea.

Wewe ulikuwa na miezi mitatu. Baba ya mama yako alipanda basi kutoka Bungoma kuja kukuona. Ulimjua akiwa mgonjwa, lakini wakati huo alikuwa mwalimu mkuu ametoka kazini juzi, mrefu, na tai shingoni hata akienda choo. Mimi ni mtu wa darasa la nne nimeoa msichana wa mwalimu mkuu. Fikiria. Na kwetu unajua mambo ya mkwe. Mama mkwe hamshikani hata mkono. Baba mkwe unamwita papa, unamwekea kiti kizuri, unaongea ukiangalia vidole vya miguu yako, na huwezi kumtuma hata kikombe. Kumwamrisha baba mkwe ni kama kumvua kofia mbele ya watu.

Siku ya tatu alichoka kukaa. Nilikuwa hapo nje nimebadilisha mafuta ya breki, nangojea jirani aje anishikie. Akatoka, akakunja mikono ya shati.

"Mkwe wangu, nipe kazi," akasema. "Siwezi kukaa hapa kama mgeni wa harusi."

"Hapana, papa. Utachafuka."

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na tano. Uchafu gani sijaona?"

Ningefanya nini? Nikamwonyesha mkono wa breki. Nikachutama chini na spana. Na badala ya kusema shika, Nafula, sikiliza vile baba yako, mtu aliyekuwa anafokea masupavaiza, alisema. Nilisema, "Papa, kama haitakusumbua, unaweza kufinya kidogo." Na badala ya achilia nikawa nasema, "Papa, ukiona vizuri, sasa unaweza kupumzisha mkono." Mpaka nimalize hayo maneno yote ya heshima, mzee amechoka, ameachilia zamani.

Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Mara ya pili nzi alimkalia shavuni, akaachilia ili amfukuze, na spana yangu bado imefungua. Nikaona hewa. Mpira niliokuwa natumia ulikuwa wa dripu ya hospitali, ule wa uwazi, unaona kila kitu. Niliona mafuta yakirudi nyuma, na hewa ikiyafuata, ikapanda, ikaingia ndani kama panya akiingia kwa tundu lake.

Nilifungua mdomo. Nikainua macho, nikaona tai yake ameirusha begani isipate mafuta. Nikaufunga mdomo.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Iko vizuri sana, papa. Wewe ni fundi."

Alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka na mimi tangu nioe binti yake. Nikapampu mara tano, mkono ukawa mgumu. Nikajiambia imepona. Nilijiambia hivyo nikijua.

Kesho yake mimi na mama yako tulikuwa tunaenda Kajiado kuandikisha cheti chako cha kuzaliwa. Mama yako alikuwa ameshakufunga mgongoni na leso. Babu yako akatoka mlangoni akasema, jua ni kali, niachieni huyu Nafula. Mama yako akakataa. Akasema tena. Mama yako akakufungua, akakukabidhi kwake, akapanda nyuma yangu mgongo mtupu.

Hiyo nimeiandika na sitaiandika tena.

Ukishapita Isinya kwenda Kajiado kuna ule mteremko wa kuteremka kwa daraja. Nilikuwa nateremka vizuri, si mbio. Lori lilikuwa mbele likasimama darajani, sijui lilikuwa linapisha nini. Nikafinya breki. Mkono wa breki ulikuja wote, ukagonga hendo ya usukani. Tak. Haukushika kitu. Nikafinya tena. Tak. Nikakanyaga ya nyuma, gurudumu likateleza kwa mchanga, nikaona nyuma ya lori inakuja, nikaitupa pikipiki kando. Mimi nikaruka kama gunia, nikachubuka kiwiko. Pikipiki ikalalia mguu wa mama yako.

Ile kutembea kwa mama yako unayoijua, ile ya kuvuta mguu wa kulia akipanda ngazi za kanisa, ilianzia hapo. Wewe tulikuambia ni ng'ombe. Kila mtu tulimwambia ni ng'ombe.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Lemayian. Wakati huo sikumjua. Alikuwa anachunga ng'ambo ya mto, mbali, ukirusha jiwe halifiki hata nusu. Alivuka maji mbio akaniondoa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mama yako nalia tu, sisaidii. Alipasua shuka yake, akafunga huo mguu na rungu yake ili usicheze. Akasimamisha lori lile lile. Akapanda na sisi nyuma, ameshika kichwa cha mama yako mapajani, mpaka hospitali. Ng'ombe wake aliwaacha na Mungu.

Jioni babu yako akafika hospitali na wewe kwa mkono. Lemayian alikuwa bado yuko, amesimama ukutani na nusu ya shuka, anangojea rungu yake. Babu yako akaniuliza, mbele ya watu, "Mkwe, ilikuwa nini?"

Nafula, niliona mkono wake. Ule mkono ulioshika breki ndio ulikuwa umekushika wewe. Nikasema, "Ng'ombe, papa. Ng'ombe iliruka barabara."

Lemayian akageuza kichwa. "Ng'ombe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ng'ombe ya nani hapo, na hapo ni ng'ombe zangu tu?" akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua. Unajua hawa watu na ng'ombe zao. "Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu niko nazo saba. Gani?"

Mimi, mtu wa kufunga macho nikajua valvu, sikuweza kutaja ng'ombe moja. Babu yako hakungoja. Alimgeukia Lemayian akamfokea kama mtoto wa shule. Kwamba wafugaji wamezoea kuacha mifugo barabarani. Kwamba binti yake atakuwa kilema kwa sababu ya uzembe. Watu wa wodi wote wakaangalia huyo mtu wa shuka nusu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwa benchi naangalia vidole vya miguu yangu, kwa heshima.

Lemayian aliniangalia. Akamwangalia mzee. Akakuangalia wewe. Nafikiri alihesabu kila kitu hapo. Akasema, "Basi. Itakuwa ile ya pembe moja." Akaenda bila rungu.

Sasa umejua. Kila mwaka akipita hapa kwetu, unamwona anaingia na maziwa kwa kibuyu, anasalimu, sopa, halafu kabla hajakaa ananiuliza, "Fundi, ile ng'ombe yetu nyekundu iko aje?" Na mimi nasema iko salama. Na yeye anasema, "Bado haijazaa?" Wewe ulikuwa unacheka ukiwa mdogo, ulifikiri ni utani wa wazee. Ni utani, ndiyo. Lakini miaka yote hiyo ananipa nafasi ya kusema, na mimi nasema iko salama.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilidanganya ili mzee asiaibike. Hiyo ni nusu, na ni nusu nzuri, ninaipenda. Nusu ile ingine ni kwamba mimi ndiye nilikuwa fundi. Mkono wake uliachilia, lakini kufokea mkono ilikuwa kazi ya mdomo wangu. Na watu wangejua kwamba fundi wa Isinya alifunga breki na hewa ndani akampandisha mke wake. Niliona ni afadhali mtu mwingine apoteze jina, mtu ambaye sikumjua.

Na hata ile nusu nzuri haikufanya kazi. Babu yako alipolala ile mara ya mwisho Bungoma, nilienda kumwona. Aliwafukuza watu wote nje, akabaki na mimi. Hakuniuliza habari ya nyumbani. Akasema, "Ile breki. Nilishika vizuri?"

Kumbe alikuwa anabeba hiyo. Miaka yote.

Nikamwambia, "Ulishika vizuri, papa. Ilikuwa ng'ombe."

Akageukia ukuta. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Niliona sikumpa kile aliniomba. Angenisikia nikisema, papa, uliachilia mapema na mimi nikanyamaza, pengine tungecheka, pengine angenitukana. Mtu anataka kutukanwa wakati mwingine, akajua kesi imeisha.

Sasa asubuhi ya leo.

Wewe ulishika mkono wa breki. Mimi nilichutama na spana, na ule ule mpira wa dripu. Nilisema shika. Nilisema achilia. Lakini hii mikono, Nafula. Nilikuambia ni baridi. Si baridi, tangu Krismasi inatetemeka, na spana inakataa kukaa kwa nati. Nilisema achilia kabla sijafunga. Mdomo ulienda mbele ya mkono. Hewa ikapanda kwa mpira. Niliiona, nikainua macho upesi nione kama umeiona, na wewe ulikuwa umeinama unaangalia pale pale.

"Baba, nimeona..." ukasema.

"Umeona nini?"

Nilikuuliza na ile sauti. Unaijua. Ile sauti ya mimi ni fundi tangu hujazaliwa. Ukaangalia chini, kwa vidole vya miguu yako.

"Sijaona kitu, baba."

"Iko aje?"

Ukapampu mara nne. "Iko sawa."

"Si nilikuambia," nikasema. Na ukaenda kutafuta gambuti.

Nilijiona nimegeuka babu yako, nimekaa pale juu na tai begani, na wewe uko chini mahali pangu na mdomo umefungwa. Nimekulea vizuri, imefika mahali unaweza kufa kwa heshima.

Ulipotoka nikaenda nikaifinya mara moja tu, bila kupampu. Mkono ulikuja mpaka ukabakisha kidole kimoja kugusa hendo. Hicho kidole kinaisha kwa mteremko wa kwanza. Na njia ya Mashuuru unaijua, changarawe, na punda, na mabonde ya mito kavu.

Nikajaribu kuirekebisha peke yangu. Mtu mmoja anaweza, na chupa, nimefanya mara mia. Leo nimemwaga mafuta kwa tanki, yamekula rangi pale karibu na kifuniko, utaona. Nikaenda jikoni nikamwambia mama yako aje anishikie.

"Mimi sigusi hiyo chuma," akasema. Hata hakuinua macho kwa kuku. "Niliapa."

"Iko na hewa," nikasema.

Akaacha kunyonyoa.

Basi nikamwambia yote. Nilisimama mlangoni nikamwambia habari ya baba yake, na nzi, na mpira, na hewa. Nikamwambia hakukuwa na ng'ombe. Nilingoja aangushe kuku. Akavuta unyoya, akavuta mwingine.

"Mzee," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako, sikuwa mbinguni. Nilisikia hiyo kitu ikigonga hendo. Mara mbili. Ng'ombe haigongi hivyo."

"Ulijua?"

"Niko na masikio."

"Na hukusema. Miaka yote hii."

"Ningesema, ungesema ni mkono wa baba yangu."

Nikataka kumkatalia. Nikafikiri. Ningesema. Mama yako ananijua. Ningebanwa, ningesema ni mkono wa baba yako, halafu yeye angekuwa na mguu mbovu na baba mwenye kosa. Akachagua kubaki na mguu tu.

"Na huyu mtoto?" akaniuliza. "Ameona hewa?"

"Ameona."

"Na akanyamaza."

"Alisema iko sawa."

Hapo ndipo aliinua macho. "Basi umejizaa mwenyewe," akasema. "Nenda ukamwambie. Na usimwambie kwa mdomo, utaanza kujisifu katikati. Andika."

Ndiyo nimeandika. Na nimejisifu katikati, lakini si sana.

Sikiliza mama. Wewe una jina la mama yangu mzazi. Tangu nikubebe nakuita mama, na watu wanafikiri ni kubembeleza tu. Yule mama aliyenizaa alinichapa mbele ya padre, alinichapa nikiwa na ndevu. Hakuna neno hakuweza kuniambia. Mtoto kumfokea baba yake kwetu ni vibaya, na mimi sikuambii uniambie kama mtoto. Niambie kama mwenye hilo jina. Hiyo ni haki yake, na yeye hayuko, uko wewe.

Kesho hutaondoka saa kumi na moja na nusu. Utaondoka ikiwa tayari. Tukinywa chai tunatoka nje, na wewe ndiye unachutama chini na spana. Mikono yako haitetemeki. Mimi nitakaa juu nishike mkono wa breki, hiyo bado naweza, kufinya ni nguvu tu. Utasema shika, nitashika. Ukisema achilia, nitaachilia. Usiseme baba tafadhali. Usiseme ukiona vizuri. Nikiachilia mapema, nifokee kama mtu anafukuza mbwa jikoni. Jirani wakisikia, wasikie. Hewa ikionekana kwa mpira, sema hewa, na tuanze tena, hata kama ni mara ishirini. Mpaka ufinye mara moja tu, bila kupampu, na mkono usimame juu kama jiwe.

Na huko Mashuuru utashika ng'ombe pamoja na wazee. Kuna mzee atashika kamba vibaya na wewe uko na sindano. Utaona vile mdomo unafunguka na kujifunga. Mimi sijui kukushauri hapo, mimi nilishindwa na hiyo mpaka leo mchana. Najua tu vile inafanana ikianza: unaangalia vidole vya miguu yako.

Halafu ukitoka, ukifika Isinya usipite moja kwa moja. Lemayian anakaa ile kona ya kwenda kwa birika la maji, unapajua. Rungu yake ilikuwa hapa kwa ukuta wa chumba yetu, ile uliyokuwa unachezea ukiwa mdogo, ile ya alama ya kamba. Ni ile iliyofunga mguu wa mama yako. Nimeifunga nyuma ya pikipiki na mifuko yako. Mpe. Akikuuliza ng'ombe nyekundu iko aje, mwambie baba amesema hakukuwa na ng'ombe. Mimi mwenyewe nitaenda Jumapili kusema na mdomo wangu, mbele ya watu wake, kwa sababu yeye alifokewa mbele ya watu. Lakini wewe tangulia. Mimi nikiingia hapo bila kutanguliwa nitaanza na habari ya meneja na valvu.

Unaweza kufikiri mzee amezeeka, anatengeneza hadithi ili akuzuie kuondoka. Haya, uliza. Mama yako alikuwa nyuma yangu na alisikia mara mbili, rudi ndani umuulize, bado hajalala usingizi mzuri tangu useme Mashuuru. Lemayian wa Isinya anazijua ng'ombe zake zote kwa jina na hakuna hata moja ilikuwa barabarani. Babu yako angesema pia, kama ningemwachia.

Na ukiwakataa hao wote, shahidi wa karibu amefungwa na hii barua. Usipampu. Ifinye mara moja.

Halafu uje uniamshe. Plagi iko kwa mfuko wa shati.

Baba yako.